Kamba ya Babu na Maji ya Mchangani

Babu yangu, mzaa mama, alikuwa mchimba visima hapa Lamu. Alipofariki aliacha vitu vichache: sururu iliyolika ncha, kata ya kifuu cha nazi, na kamba ya makumbi yenye mafundo 20, fundo moja kila pima. Sururu walichukua wajomba. Kata ilipasuka. Kamba iko kwangu, nimeifunga ndani ya kanga kuukuu, kwa sababu makumbi yakikauka mno hukatika.

Kwenda chini, kamba hiyo ilipima kina cha kisima, na hilo kila mtu alilijua. Kazi yake ya pili ndiyo iliyosahaulika. Kabla ya kupiga sururu ya kwanza, babu alipigilia kigingi mahali alipokusudia kuchimba, akafunga kamba, akazunguka nayo kama mbuzi anavyozunguka malishoni. Ndani ya duara hilo alitaka kujua kila kitu. Choo cha nani kiko wapi? Punda wanalala wapi? Maji ya kuoshea vyombo yanamwagwa upande gani? Pana kaburi la zamani? Akikuta jambo lisilomridhisha, aliikunja kamba na kutafuta mahali pengine. Mwenye nyumba akishikilia papo hapo, babu aliiacha kazi pamoja na ujira wake. Mama alisimulia kwamba kuna miezi walikula muhogo mkavu kwa sababu ya kamba ile.

Alichimba mwishoni mwa kaskazi, mwezi wa Machi hivi, kabla mvua za masika hazijaanza. Wakati huo maji ya ardhini yako chini kabisa, na kisima kilichoyafikia yakiwa chini hakikauki tena. Lakini akishayafikia, alikuwa na haraka ya kuacha. Maji yakimfika kiunoni alipanda juu. Vijana waliomsaidia walitaka waendelee, ili kisima kiwe na maji mengi. Babu alikataa. Alisema chini ya maji matamu kuna bahari, na bahari haina haraka, inangoja tu uipigie hodi.

Nilikuja kulielewa neno hilo miaka mingi baadaye, nilipokuwa mwalimu wa jiografia. Mvua ikinyesha juu ya kisiwa cha mchanga kama hiki chetu, sehemu kubwa yake haikimbilii baharini kwa mifereji. Inazama pale pale ilipoangukia. Inashuka mpaka inapokutana na maji ya chumvi yaliyopenya chini ya kisiwa, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kidogo, yanaelea juu yake. Hesabu yake iliandikwa na wataalamu wawili wa Ulaya, Badon Ghijben mwaka 1889 na Herzberg mwaka 1901, kila mmoja kwa njia yake: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Ukiipindua hesabu hiyo inatisha. Ukivuta maji hadi yashuke mita moja, chumvi huelekea kupanda mita 40. Babu hakuwajua wazungu hao. Aliijua chumvi, maana alikuwa ameionja mwisho wa kila kisima kilichochimbwa kwa tamaa.

Mji wenyewe wa Lamu umekaliwa mfululizo kwa zaidi ya miaka 700. Msikiti wa Pwani hutajwa kuwa wa mwaka 1370. Miaka yote hiyo watu walikunywa kutoka ardhini, na ukitaka kuusoma mji huu vizuri, usiishie kwenye milango ya nakshi. Fuata maji. Kila msikiti ulikuwa na kisima na birika la kutawadhia, na vingi vya visima hivyo ni wakfu: mtu alichimba, au alilipa kichimbwe, akayatoa maji kwa Mungu yasiuzwe milele. Katika nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani kisima kilikuwa ndani. Sababu haikuwa raha tu. Wanawake wa nyumba zile hawakutoka mchana, na nyumba isiyo na maji yake ilimtegemea mtumwa au hamali kwa kila kata ya kupikia. Nyanya yangu, mkewe babu, alizaliwa katika nyumba ya makuti mtaa wa Langoni, akateka maji kisimani mtaani pamoja na wenzake, na alikuwa akisema habari zote za mji alizipatia pale, na kwamba wake wa Mkomani waliokuwa na visima vyao walikuwa na maji lakini hawakuwa na habari.

Chooni mwa nyumba hizo za mawe, juu ghorofani, kulikuwa na birika la chokaa, na ndani yake visamaki vidogo vya kula viluwiluwi vya mbu. Chini ya birika mafundi walipachika bakuli la kaure ya Kichina, ili maji yakipungua visamaki vibaki na dimbwi lao. Wageni hulipiga picha bakuli hilo na kulisifu uzuri. Mimi hulisifu kwa jambo jingine: watu wale walifikiria hata uhai wa kisamaki kinachowalindia maji yao.

Lakini choo kile kile kilikuwa na shimo. Uchafu wa ghorofa zote ulishuka ndani ya ukuta mpaka shimoni, na shimo halikuwa na sakafu. Liliingia mchangani. Na kisima cha nyumba kilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, kwenye mchanga ule ule.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana watu huuliza vipi mji wa wanavyuoni, mji wenye tahara kwenye kila kizingiti, ulikubali jambo hilo. Sisi wa pwani ni Mashafi. Katika vitabu vyetu vya fikihi kuna neno zuri sana, harimu ya kisima. Aliyechimba kisima katika ardhi isiyo ya mtu hamiliki mdomo wake peke yake. Anamiliki na eneo linalokizunguka: mahali pa kusimama mtekaji, pa kumwagia maji, pa kunyweshea wanyama, na mwingine haruhusiwi kuchimba humo kisima kitakachopunguza maji ya kile cha kwanza. Ardhi iliyo kando inahesabiwa kuwa sehemu ya kisima. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 huko Sham, amelieleza hilo katika Minhaji, kitabu walichokitegemea makadhi wa pwani yetu hadi enzi za Waingereza.

Kitabu hicho hicho kinaongeza jambo jingine. Nyumba iliyozungukwa na nyumba za watu pande zote haina harimu. Kila mmoja ataitumia milki yake kwa ada ya watu, na atadaiwa tu akivuka ada hiyo. Nilipolisoma hili niliifunga Minhaji nikanyamaza. Mkomani yote ni nyumba zilizozungukwa na nyumba. Kuta zinagusana, na vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo hawapishani. Mji ulipokuwa na nyumba chache mchangani, kisima kilikuwa na heshima yake. Mji ulipojaa, harimu ilizibwa jiwe kwa jiwe, na hakuna aliyefanya kosa. Kila mtu alichimba shimo lake kwa ada.

Na tahara? Watoto wa chuoni hufundishwa maji yakifika kulateni, yaani mitungi miwili mikubwa, hayanajisiki mpaka ibadilike rangi yake, au harufu, au ladha. Hiyo ni hukumu ya ibada na sina la kuipinga. Ninachosema ni kwamba nyanya aliitumia kwa mambo ya kunywa pia, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wa mtu yeyote niliyemjua. Ungemfunga kitambaa machoni, ukampa maji ya visima vitano, akakutajia mitaa. "Mai ya muyini ni ya kufulia, mwanangu," aliniambia, "mai ya mtangani ndiyo mai." Alitambua chumvi, alitambua uvundo wa majani yaliyooza. Ambacho ulimi wake haukuweza kukitambua ni kile kisicho na rangi, harufu wala ladha.

Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo ni hivyo. Nitrati ni hivyo pia. Hii hutoka katika mkojo na kinyesi kinapooza ardhini, nayo huyeyuka majini na kusafiri popote maji yaendako. Mchanga unaweza kuchuja vijidudu vingi kama ni mnene na maji yanapita polepole, nitrati hauichuji. Kuchemsha hakuiondoi, na maji yakipungua sufuriani inazidi kuwa kali. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 katika lita moja, kwa ajili hasa ya watoto wachanga wanaonyonya chupa, kwa sababu huizuia damu yao kubeba hewa mpaka midomo ikageuka buluu. Kwa vijidudu, kanuni wanayofundishwa maafisa wa afya ni choo kuwa mita 30 kutoka kisimani, na sakafu ya shimo kuwa angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini.

Mita 30 ni karibu pima 17. Kamba ya babu ilikuwa na mafundo 20.

Siku moja niliichukua nikaenda kwenye nyumba ya shangazi yangu Mkomani, yenye kisima uani. Nilifunga kamba kwenye nguzo, mpwa wangu akashika ncha ya pili akatoka nayo mlangoni. Fundo la nne, choo cha shangazi mwenyewe. Fundo la tisa, choo cha jirani wa kushoto. Tulipofika la 17 tulikuwa tumepita vichochoro viwili na kuhesabu mashimo 11. Shangazi alikuwa ameketi dakani anatutazama. Aliuliza kama tunapima nyumba tuiuze.

Kwa hiyo tegemeo letu liko Shela. Ukitoka mjini kwa miguu kuelekea kusini, ukifuata pwani, unaingia kijiji cha Shela, na nyuma yake vinaanza vilima vya mchanga vinavyokwenda sambamba na ufuo wa kilomita 12 hivi. Juu yake hapana mito wala mabwawa, na mgeni anaona jangwa dogo lenye vichaka. Mvua ya masika inapoangukia pale, inapotea kana kwamba haikunyesha. Imekwenda kuwekwa. Visima vya Shela, vilivyo kwenye miguu ya vilima hivyo, ndivyo vinavyoujaza mji kwa bomba, nasi tunaosuka ukili na kukaanga samaki huko Langoni tunakunywa mvua iliyoangukia mchanga wa watu wa Shela.

Watu wa Shela wenyewe wanajua maana ya kukosa maji kuliko sisi. Asili yao wanaihesabu kutoka kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mkondo. Huko Manda kuna magofu ya Takwa, mji wa ukuta wenye msikiti mkubwa, uliostawi kama karne mbili kisha ukahamwa katika karne ya 17. Wanaakiolojia hutaja vita na Pate, na hutaja maji: visima viligeuka chumvi. Mji haukuchomwa wala haukubomolewa. Watu walifunga vitu vyao wakavuka. Na mpaka leo watu wa Shela huenda Takwa kwa ziara, kuomba mvua kwenye kaburi lenye nguzo lililopo nje ya ukuta. Njia yake ni mkondo mwembamba katikati ya mikoko, haupitiki ila maji yamejaa, hivyo safari nzima inafuata bamvua na maji mafu. Nimekwenda mara mbili. Kuna kitu kinachokushika rohoni unapowaona wazee wanainua mikono kuomba mvua mahali ambapo babu zao walishindwa na kiu.

Shela ina historia nyingine pia, ya vita vya takriban mwaka 1812, watu wa Lamu walipowashinda Mazrui wa Mombasa na wenzao wa Pate mchangani pale pale, mashua zao zikiwa zimeachwa juu na maji kupwa. Hiyo imeandikwa na wengi. Msikiti wa Ijumaa wa Shela, wenye mnara mweupe uliochongoka, ni wa mwaka 1829, na mimi huuona kama ushahidi wa kisima kilichokubali: mji haujengi msikiti wa Ijumaa mahali pasipo maji ya watu wengi kutawadha.

Watu wa kisiwa jirani cha Pate walijifunza njia yao. Huko Pate, Faza na Kizingitini walijenga majabia, sakafu pana za chokaa zinazokinga mvua na kuielekeza kwenye tangi la mawe. Jabia unaliona. Ukiona mbuzi amepanda juu yake unamfukuza kwa jiwe, kwa kuwa unajua utayanywa aliyoyaacha. Vilima vya Shela ni jabia kubwa kuliko yote hayo, na balaa lake ni kwamba havifanani na jabia hata kidogo. Mtu mwema kabisa anaweza kusimama juu ya maji ya kunywa ya mji mzima akaona kiwanja kizuri chenye upepo wa bahari.

Na ndivyo ilivyotokea. Tangu Shela ipendwe na wageni, mchanga umepanda thamani. Kwanza unabebwa wenyewe: punda wanashuka na magunia ya mchanga wa kujengea, na kila gunia linalotoka linapunguza unene wa kichujio. Kisha zinakuja nyumba, na kila nyumba ina bafu nne au tano, na bafu hizo zina shimo. Hati za viwanja zimewahi kutolewa juu ya vilima hivyo, watu wakadai, wengine wakapinga, kesi zikafuatana. Lamu ilipoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, kilichosajiliwa ni mji wa mawe. Vilima vinavyounywesha viko nje ya mstari, ingawa kuvamiwa kwake kumeshazungumzwa mbele ya kamati ya urithi huo. Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2016 inaruhusu eneo la maji ya ardhini kutangazwa kuwa la hifadhi. Lipo neno basi, harimu ya serikali. Tena watu wanaongezeka: gati la kwanza la bandari mpya, upande wa bara, lilifunguliwa Mei 2021, na kila anayekuja kutafuta riziki atataka maji.

Hatuko peke yetu duniani. Amsterdam, mji wa Uholanzi, ulianza kunywa maji ya vilima vya mchanga vya pwani yao mwaka 1853. Walivuta, wakavuta, mpaka chumvi ikaanza kupanda. Mwaka 1957 walianza kuleta maji ya mto Rhine na kuyamwaga mchangani ili kuvijaza vilima upya, na vilima vyenyewe wamevifunga visijengwe. Walikuwa na mto wa kuwaokoa. Lamu haina mto.

Mwezi uliopita nilikwenda Shela na kamba yangu. Mlinzi wa pampu ananijua, alikuwa mwanafunzi wangu. Nilifunga ncha kwenye uzio wa kisima cha mwisho, kilicho karibu zaidi na vilima, nikapanda nayo taratibu, maana magoti yangu hayapendi mchanga. Kwenye fundo la 12 mkono wangu uligusa ukuta mpya. Ulikuwa bado unatoa ubaridi wa plasta. Fundi, kijana wa bara mwenye adabu, aliteremka ngazini akanipa kiti cha plastiki na maji ya kunywa kutoka dumu la njano. Nilimuuliza shimo la choo litachimbwa wapi.

"Usijali mama," akasema, "tumekifikiria kisima. Shimo litakuwa mbali, huko juu kilimani. Mchanga wa pale ni mzuri sana, ukimwaga maji yanaingia chini hapo hapo."

Niliyanywa maji yake, yalikuwa matamu. Kisha nikampa ncha ya kamba, nikamwomba apande nayo mpaka mahali pa shimo, na mimi nikaanza kumweleza, kutoka fundo la kwanza, kazi aliyokuwa akiifanya babu yangu.